"Itashika Tu" Haijawahi Kurusha Ndege

Kuna maneno mawili ambayo yameharibu mashine nyingi nchini mwetu kuliko kutu: "itashika tu."

Fundi wa bomba hukwambia hivyo akifunga kiungo kinachovuja kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Mjenzi husema hivyo akipunguza simiti kwenye nguzo. Na mimi nilisema hivyo, Jumamosi moja asubuhi, nikiwa nimeshika bawa la ndege ya mfano ya mbao za balsa: mita 2.4 kutoka ncha hadi ncha, kilo sita na ushee pamoja na injini, kazi ya miezi saba kwenye sebule ambayo usiku hugeuka chumba cha kulala. Bawa lile lilikuwa na mlio. Ukilikunja kidogo, linalia kama mtu anakanyaga majani makavu. Msee niliyekuja naye akaniuliza, "Buda, na hiyo sauti?" Nikamjibu bila hata kufikiria.

Ilishika. Dakika nne. Niliipandisha, nikaizungusha mara mbili juu ya uwanja, nikajiona rubani. Kisha nikaishusha kwa kasi ili ipite chini mbele ya watazamaji, nikavuta kijiti kuinua pua. Mabawa yakakutana juu ya kiwiliwili kama viganja vya mtu anayeomba, na kilichobaki kikawa mkuki. Ulitua nyuma ya goli, hatua kama kumi hivi kutoka kwa watoto wawili waliokuja kutazama. Mkubwa alicheka. Mdogo hakucheka, na mimi nilimwelewa.

Siandiki kuomba pole. Naandika kwa sababu ya yale niliyoambiwa baadaye. "Ni upepo tu huo." "Ajali kazini." "Ungeombea kwanza." Msee alikuwa amerekodi, na video ilipozunguka kwenye simu za watu, wengi walipiga makofi: kijana wa hapa hapa ameunda ndege kwa mikono yake, Mkenya akiamua ameamua! Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la maana: ulitumia ubao gani, na uliuchaguaje?

Ningeulizwa, ningeona haya. Niliuchagua kwa macho. Balsa yangu ilikuwa nyeupe, safi, laini kama mkate wa asubuhi, na nikadhani uzuri ni ubora. Ule mhimili wa bawa, uti wa mgongo unaobeba kila kitu, niliukata kutoka kwa bapa ambalo ungeweza kulitoboa kwa ukucha.

Hoja yangu ni hii, na najua itawakera watu ninaowapenda: kazi ya kuunda ndege huanzia dukani na kwenye mizani. Anayeharakisha pale ameshaiangusha kabla hajafungua gundi. Na sisi ni taifa linaloharakisha pale, kisha tunapiga makofi.

Tuanze na ubao wenyewe. Balsa ni mti wa nchi za joto za Amerika, na sehemu kubwa ya balsa inayouzwa duniani hutoka Ekwado. Ni wa ukoo mmoja na mbuyu na msufi. Hukua mbio sana. Miaka mitano hadi saba, umeshafika wa kukatwa. Jina lake ni neno la Kihispania la chelezo, na mwaka 1947 Thor Heyerdahl na wenzake walivuka bahari ya Pasifiki kutoka Peru wakiwa juu ya magogo yake, kwenye chelezo walichokiita Kon-Tiki. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza waliunda ndege ya kivita, Mosquito, ambayo kiwiliwili chake kilikuwa balsa iliyobanwa katikati ya plaiwudi nyembamba ya birchi. Ziliundwa zaidi ya 7,000, na mafundi wa samani walikuwa miongoni mwa waliozitengeneza. Leo balsa imejazwa ndani ya mapanga ya mitambo mingi ya upepo. Kwa hivyo mtu akikwambia hiyo ni mbao ya vitu vya watoto, mwache aongee, wewe endelea kupima.

Kwa maana balsa haina uzito mmoja. Balsa nyepesi haifiki kilo 100 kwa mita ya ujazo. Nzito hupita 250. Zote zinaitwa balsa, mara nyingi zinauzwa kwenye rundo moja na kwa bei moja. Chukua bapa la kawaida: urefu mita moja, upana sentimita 10, unene milimita 3. Kama ni balsa ya kilo 100 kwa mita ya ujazo, bapa hilo lina gramu 30. Kama ni ya 160, gramu 48. Kama ni ya 240, gramu 72. Ndege kubwa hula mabapa 20 hivi na bado ina njaa. Piga hesabu: gramu 600 upande huu, gramu 1,440 upande ule. Tofauti ni gramu 840. Umeifunga ndege yako zaidi ya robo tatu ya kilo ya sukari isiyo na kazi yoyote angani, na hukuiona kwa sababu mabapa yote yalikuwa na sura moja.

Dawa ya hilo ni mizani ya jikoni, ile ya dijitali ya kupimia unga wa keki. Pima kila bapa. Andika uzito wake kwa penseli kwenye kona. Kisha ligawe rundo lako mara tatu. Nyepesi kabisa iende mkiani na kwenye ncha za mabawa. Ya katikati iende kwenye mbavu za bawa na ngozi ya juu. Ngumu na nzito iende kwenye ukingo wa mbele wa bawa na kwenye fito ndefu za kiwiliwili. Mkia unahitaji ubahili wa pekee: uko mbali na mahali ndege inapojisawazisha kuliko pua ilivyo, kwa hivyo gramu moja ya ziada kule nyuma mara nyingi hukudai gramu mbili au tatu za risasi kule mbele. Uzembe wa mkiani unalipwa na riba puani.

Halafu angalia jinsi bapa lilivyokatwa kutoka kwa gogo. Kuna lile lenye nyuzi ndefu zilizonyooka, linalokunjika kwa upana bila kulia. Hilo ni la kuzungushia mahali penye mviringo. Kuna lile lenye madoadoa yanayong'aa kama magamba ya samaki, ambalo ukijaribu kulikunja kwa upana linakatalia mbali; hilo ni la mbavu, zinazotakiwa zisipinde. Ukibadilisha nafasi zao, la kwanza litakupa mbavu zinazoyumba, na la pili litapasuka mikononi mwako ukilaani duka.

Sasa nirudi kwenye aibu yangu, kwa sababu ni darasa. Mhimili wa bawa kubwa huwa na kanda mbili, wa juu na wa chini, na kati yake unaziba kwa vipande vyembamba vya balsa. Ndege ikivuta kutoka kwenye mteremko, bawa hutaka kupinda kwenda juu: ukanda wa chini unavutwa, wa juu unabanwa, na vile vipande vya kati ndivyo vinavyozuia kanda zisisogeleane wala kuteleza moja juu ya nyingine. Ndege ya kilo 6 ikivutwa kwa nguvu ya mara tano ya uzito wake, mabawa hubeba kilo 30. Mfuko wa simiti ni kilo 50. Fikiria zaidi ya nusu ya mfuko wa simiti umelalia fito ambazo ukiziweka mfukoni hutazihisi.

Kwa sababu hiyo ukanda wa juu hautaki balsa laini. Unataka mbao ngumu kiasi kama sprusi, yenye nyuzi zilizonyooka kutoka mwisho hadi mwisho. Na vipande vya kati lazima nyuzi zake zisimame wima, kutoka ukanda wa chini kwenda wa juu. Mimi nililaza nyuzi. Kwa nini? Kwa sababu ukizilaza, unakata kipande kirefu kimoja na kuziba nafasi tatu kwa mpigo, na ilikuwa saa sita usiku, na kesho yake ilikuwa siku ya kurusha. Ule mlio wa majani makavu ulikuwa vipande vyangu vikipasuka kimoja kimoja. Bawa liliniambia. Nililijibu kwa falsafa ya taifa.

Kuna jambo lingine ambalo ramani za kununua hazikwambii. Nyingi zimechorwa na watu wanaorusha karibu na usawa wa bahari. Sisi wa Nairobi tuko juu; uwanja wa ndege wa Wilson uko takriban mita 1,690 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa, na mchana wa jua kali hupungua zaidi. Bawa lilelile, ndege ileile, hapa lazima iende kasi zaidi kwa kama asilimia 8 ndipo isidondoke. Injini ya petroli nayo inavuta hewa hiyo hiyo nyembamba, kwa hivyo nguvu zake zinapungua. Injini ya umeme haijali hewa ya kupumua, ila panga lake linasukuma hewa chache. Maana yake ni moja: ndege nzito kidogo inayosamehewa kule pwani, huku juu haisamehewi. Anayenunua ramani ya ng'ambo, akafuata kila kipimo, kisha akaongeza gundi na rangi "kidogo tu", anajenga ndege ya Mombasa ya kurushia Nairobi.

Hapo ndipo ugomvi wangu na hadithi yetu pendwa unapoanza.

Mnaijua. Kila baada ya muda inarudi kwenye habari za saa moja: kijana wa kijijini ameunda ndege kwa vyuma chakavu, injini ya pikipiki, mabati na turubai. Mwandishi anauliza umetoa wapi wazo. Mama mzazi anasema tangu utotoni alikuwa akifungua redio. Kiongozi anaahidi kumsaidia. Ndege haijaruka, na haitaruka, kwa sababu bomba la chuma la maji halijui kuruka, lakini hilo halisemwi; kulisema ni kumvunja moyo. Wiki mbili baadaye tumemsahau, ndege inalala nyuma ya zizi, kuku wametagia kwenye kiti cha rubani.

Nasema hivi: makofi yale ni dharau. Tunamsifu yule kijana kwa kitu kinachomuumiza, yaani ukosefu wa vifaa. Tumegeuza umaskini wake kuwa kipaji. Tukimwona na bomba la maji tunasema, "Angalia ubunifu!" badala ya kusema, "Nani atampa plaiwudi, mizani na kitabu?" Kijana yule ana hesabu kichwani, ana subira ya kukata chuma kwa msumeno wa mkono wiki nzima, na hakuna aliyemwambia ukweli mmoja wa bei rahisi: kwamba uzito ndio adui, na vifaa alivyonavyo vyote vimeegemea upande wa adui. Angeambiwa aanze na ndege ya mita moja na nusu ya balsa, angeona ikiruka kabla ya mwaka kuisha. Kitu kidogo kinachoruka kingemfundisha mengi kuliko kitu kikubwa kinachopigwa picha.

Najua jibu litakalonijia. Jua kali ndiyo iliyotulisha. Fundi wa Kamukunji anageuza pipa la mafuta kuwa sanduku la shule bila kuuliza Ekwado. Kweli kabisa, na namvulia kofia. Lakini mtazameni vizuri fundi huyo. Akichukua bati analigonga kwa ukucha asikilize. Analikunja pembeni aone kama litapasuka. Anajua bati la pipa lipi lafaa jiko na lipi lafaa sanduku. Hachagui kwa kubahatisha hata siku moja. Wanaosema jua kali ni kubahatisha hawajawahi kusimama pale kelele zilipo. "Itashika tu" ni lugha ya mtu mwenye haraka ya kulipwa, na fundi wa kweli haisemi mbele ya mwanafunzi wake.

Upande wa pili nao wasicheke. Kuna mbogi ya wenye doo inayoamini kwamba ndege halali ni ile iliyokuja na boksi: kila ubavu umekatwa kwa leza, kila skrubu imehesabiwa, na mwenye nayo kazi yake ni gundi na picha. Sina shida na boksi. Kwa mtu wa kwanza ni mwalimu mzuri. Shida yangu ni ile sauti ya kumwambia kijana wa Umoja kwamba bila boksi asijaribu. Balsa ni nyepesi lakini hujaza nafasi, na kampuni za mizigo huwa zinatoza kwa ukubwa wa kifurushi pale uzito unapokuwa mdogo, kwa hivyo ubao usio na uzito unasafiri kwa nauli ya ubao mzito. Ongeza ushuru. Boksi la ndege kubwa linafika hapa likiwa na bei ya kuchekesha. Ukiweka hilo kuwa lango, umefunga mlango na kuita kufuli "viwango".

Na wale wa ndege za povu, zilizotoka kiwandani zimeshapakwa rangi? Nunueni, rusheni. Mkono hujifunza kurusha kwa ndege usiyoogopa kuivunja. Ila msiseme mmeunda.

Basi mtu asiye na boksi afanyeje? Jibu langu lina kanuni moja: tumia pesa pale mzigo ulipo, fanya ubahili pale mzigo haupo. Watu wengi, nikiwemo mimi wa zamani, tunafanya kinyume. Tunanunua kisu cha fundi chenye mpini wa kung'aa, halafu sevo za bei ya chini kabisa.

Meza ya kujengea haibebi mzigo angani. Nunua ubao laini wa dari, ule unaoshika pini, uuweke juu ya mlango wa zamani uliopimwa ukaonekana umenyooka. Pini ni zile za fundi nguo. Kisu ni wembe mpya, na uwe mpya kweli, kwa sababu wembe butu haukati balsa, unaiponda. Msasa ugundishe juu ya mabaki ya alumini kutoka kwa fundi wa madirisha. Yamenyooka kuliko chochote utakachouziwa. Pasi ya nyumbani inatosha kukaza kitambaa. Na kitambaa chenyewe, kabla ya kuagiza ng'ambo, tembea Eastleigh ukatafute bitana nyepesi ya poliesta, ijaribu kwa pasi kwenye fremu ndogo, uone inavyokaza. Ndege za kweli za watu zimevikwa poliesta inayokazwa kwa joto miaka mingi sasa.

Mbao za humu nchini zina nafasi yake pia. Saiprasi iliyokauka vizuri, isiyo na fundo hata moja, nyuzi zimenyooka, inaweza kufanya kazi ya kanda za mhimili. Usiniamini, ijaribu. Nenda kwenye yadi ya mbao, chagua kipande ukiwa na subira ya anayechagua nyanya, kipasue fito tatu za kipimo kimoja. Laza fito juu ya viti viwili, tundika ndoo katikati, mimina maji lita moja moja. Lita moja ni kilo moja. Andika fito ya kwanza ilivunjika kwa lita ngapi, ya pili, ya tatu. Kama zinatofautiana sana, rundo hilo usiliamini. Mwanzi uliopasuliwa nao ni mzuri kwa ncha za mabawa na kwa kitelezi cha mkia, mahali pa kugongwagongwa. Jaribio hilo lote ni la ndoo na mchana mmoja, na linakupa kitu ambacho boksi la leza haliuzi: kujua mwenyewe.

Sasa pale pa kutoa pesa. Plaiwudi ya birchi kwenye ukuta wa mbele unaoshika injini, milimita 6 kwa ndege ya ukubwa huu, na bolti zinazopenya hadi upande wa pili, si skrubu za kung'ang'ania mbao. Ukiona plaiwudi ya kawaida ya samani ina mashimo kati ya tabaka zake, ujue ndiyo mashimo hayo petroli na mtetemo vitakayoyatafuta. Sevo ziwe za gia za chuma, na kila kibawa cha kuinamishia ndege kiwe na sevo yake. Sevo ya gia za plastiki iliyotoka kwenye ndege ndogo haijui kupigana na upepo wa ndege ya kilo 6. Betri ya risiva iwe mpya na inayojulikana. Kama umeenda umeme, betri za lithiamu zichajiwe ukiwa macho, mbali na kitanda na pazia. Luthuli utapata vingi, na muuzaji mwaminifu atakuruhusu upime kabla hujalipa. Asiyekuruhusu amekujibu.

Gundi? Supagluu ni ya kushikizia, kwa sababu ikikauka inakuwa kama kioo, na kioo hakipendi mtetemo. Mhimili na ukuta wa injini vinataka epoksi ya kukauka taratibu. Ile ya dakika tano ni ya wenye haraka, na haraka tumeshaona inakotua. Maungio mengine yote, gundi ya mbao ya kawaida, kiasi kidogo, ujipe usiku mzima. Gundi nayo ina uzito. Na vaa barakoa ukipiga msasa. Vumbi la balsa linaingia kifuani kimya kimya.

Utaniuliza kwa nini nimekazana hivi juu ya mwanasesere wa mbao, nchi ikiwa na shida zake. Swali zuri. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma usiku wa mvua kubwa, likaua watu zaidi ya 40. Lilikuwa limewekewa alama ya kubomolewa. Watu waliendelea kuishi ndani. Sitaki kulinganisha ndege yangu na maiti za watu. Nasema tu kwamba tabia ni ileile, na mahali pa kuiacha ni pale inapogharimu mbao na miezi saba, kabla haijafika pale inapogharimu watu. Mtoto aliyewahi kupima fito tatu kwa ndoo ya maji atakua mtu mzima anayeuliza nguzo hii imepimwa na nani. Asiyewahi kupima chochote ataambiwa "itashika tu", naye atahamia.

Na ndege ya mfano haihongeki. Huwezi kuipa kitu kidogo ipite. Cheti hakiisaidii, ukabila hauisaidii, jina la baba yako haliisaidii. Inasoma uzito, upana wa bawa na nyuzi za ubao, basi. Nchi hii ina walimu wachache wa namna hiyo.

Kwa hivyo naomba vitu vitatu, na siombi serikali peke yake. Taasisi za ufundi zilizojaa mashine za kuchongea zitenge kona moja ya mizani, mabapa na ramani. Ndege moja ya balsa ina hesabu, fizikia, useremala na umeme ndani yake, na mwanafunzi anaona alama zake zikiruka au zikianguka. Mbogi za wapenzi wa ndege ziache kuagiza kila mtu boksi lake. Agizeni balsa pamoja, kifurushi kimoja, mgawane nauli, na mwenye uzoefu akae na mgeni wakipima. Na ninyi mnaorekodi, mkikutana na kijana na ndege yake, muulizeni ina uzito gani. Swali hilo moja lina heshima kuliko makofi yote.

Jambo la mwisho, kwa sababu lilikuwa la mwisho na kwangu pia. Ndege ya kilo 6 ikianguka ni silaha. Kabla ya kuagiza au kurusha, soma Kanuni za Vyombo vya Anga Visivyo na Rubani za mwaka 2020 na uulize Mamlaka ya Usafiri wa Ndege unachotakiwa kuwa nacho. Rusha mahali palipo wazi, watu wote wakiwa nyuma yako. Siku ile sikuwa nimefanya hivyo. Nilikuwa na watazamaji mbele, na nilitaka wanione.

Ule mhimili uliovunjika nimeuning'iniza juu ya meza yangu. Ndege ya pili iko nusu. Kanda za saiprasi, ndoo imeshavunja fito tisa, nyuzi za vipande vya kati zimesimama wima. Juzi msee alikuja, akalikunja bawa taratibu, akategea sikio. Kimya. Akaniangalia nikadhani atasema neno zuri.

"Pima tena," akasema.

Nikachukua mizani.